Sifa za Bunduki Inayochagua Risasi

Kalashnikov imeshasifiwa inavyotosha. Tangu 1983 imo kwenye bendera ya Msumbiji, na kila anayeitaja hurudia yaleyale: itupe matopeni, iokote, ikoki, itapiga. Sawa. Lakini chombo kinachomeza chochote kilichowekwa mbele yake kimemfundisha nani nini? Leo nimekuja kumpamba asiye na mpambe: bunduki ndogo inayojikoki yenyewe, ya risasi za .22, ambayo ukiilisha boksi la bei poa inapiga mbili, ya tatu inagoma.

Msomaji ambaye bunduki ameiona begani mwa mlinzi wa benki tu asijione mgeni hapa. Bunduki hii kwao ni Marekani. Risasi ya .22 Long Rifle ilitolewa huko na kampuni ya Stevens mwaka 1887, na mpaka leo watu wanaitumia kulengea makopo na kuwindia kindi. Kichwa chake cha kawaida kina gramu 2.6 hivi, kimepakwa nta au utando wa shaba, na dawa ya kuiwasha imefichwa ndani ya ukingo mwembamba wa kitako. Ni kitu kinyonge. Na kwa unyonge huo haina nguvu ya kuficha kasoro ya mtu yeyote, awe aliyeitengeneza, aliyeinunua au aliyeshindwa kusafisha.

Chukua Ruger 10/22, iliyoingia sokoni mwaka 1964 na kuenea kuliko wenzake wengi. Bolti yake, kile chuma kinachoziba nyuma ya mtutu, haina komeo. Imeliegemea ganda la risasi kwa uzito wake na kwa springi, basi. Risasi ikilipuka, ganda linaisukuma bolti nyuma, kikucha kidogo kinaliburuta ganda hilo mpaka ligonge kijichuma na kurukia nje, kisha springi inairudisha bolti mbele, nayo njiani inazoa risasi mpya kutoka kwenye magazini. Kazi zote hizo zinalipwa na mlipuko uleule uliorusha kichwa. Anayefanya kazi ya watu wanne kwa mshahara wa mmoja ana haki ya kuuliza kilichomo kwenye bahasha.

Na haigomi ovyo. Ilishe risasi ya kimya, ile CCI Quiet, ambayo kichwa chake hutoka kwa mita 216 hivi kwa sekunde. Bolti inarudi nyuma kidogo, inakata tamaa, inarejea. Ganda linanaswa mlangoni likiwa limesimama wima, mdomo mweusi kwa masizi, bado la moto. Hapo huhitaji fundi, nguvu haikutosha. Siku nyingine ganda limetoka salama lakini chemba, kile chumba cha risasi nyuma ya mtutu, iko tupu na risasi inayofuata imelala palepale kwenye magazini: bolti ilirudi kiasi cha kutema, haikufika kiasi cha kuzoa. Haya, nenda upande wa pili, ipe risasi ya Stinger yenye kichwa chepesi, mita 500 kwa sekunde. Mwenyewe anafurahia kishindo. Kumbe bolti imekwenda na kurudi kwa pupa, ikapita kabla springi ya magazini haijainua risasi. Chemba tupu tena! Ugonjwa mmoja kwa macho, sababu mbili zinazopingana. Ukitaka kujua ni ipi, tazama chini: maganda yaliyolala karibu na kiatu chako yalitemwa kwa unyonge, yaliyoruka hatua kadhaa yalitemwa kwa nguvu. Wangapi kati yetu tukikasirika tunaacha ushahidi safi namna hiyo?

Ipo na adabu inayofundisha. Mwenye haraka hubadilisha springi, magazini, mafuta na risasi asubuhi moja. Bunduki ikapona, naye asijue kilichoiponya, na ikiugua tena anaanza kununua upya. Bunduki hii haimvumilii mtu wa aina hiyo. Inamtaka aziandike magazini zake namba kwa kalamu ya wino mzito, maana mara nyingi mwenye kosa ni magazini moja tu yenye mdomo uliopinda. Inamtaka asugue chemba, ambako nta na masizi hujijenga mpaka risasi inagoma kuzama. Inamtaka apunguze mafuta, hasa wakati wa baridi, yanapoganda na kuifanya bolti itembee kizee. Hayo yakiisha ndipo wazungumze habari za risasi, aina moja baada ya nyingine. Wengi huanzia kwenye risasi za mita 375 hivi kwa sekunde, kwa kuwa ndizo zinazoisukuma bolti vizuri, kisha wanashuka taratibu kuelekea zile za polepole mpaka bunduki ikatae. Ikikataa, wanajua mpaka uko wapi. Kiburi chake kina kipimo, na kipimo chenyewe kinajirudia kesho na keshokutwa. Sijui wakubwa wangapi wa ofisi tungeweza kuwasifu hivyo.

Sifa inayofuata si ya utani. Risasi za .22 zina tabia ya kutowaka, kwa kuwa ile dawa ya ukingoni haikuenea sawasawa. Triga inavutwa, pini inagonga, kimya. Anayejua hutulia, mtutu ameuelekeza kusiko na mtu, anahesabu sekunde 30, maana baruti nyingine hukawia. Na kuna risasi mbaya zaidi, ile inayotoa sauti ya “pfu” na kukiacha kichwa kimekwama katikati ya mtutu. Ya pili ikipigwa nyuma yake, mtutu unaweza kuvimba au kupasuka. Sasa mlipuko mdogo kiasi hicho kwa kawaida hauwezi kuisukuma bolti, kwa hiyo bunduki yetu mgomvi inasimama. Inamlazimisha mtu kuishusha, kuitoa magazini na kuchungulia. Walioitukana kwa kukwama wapo na macho yao mawili.

Hapa mpambe lazima akohoe kidogo, maana kuna mahali kukwama hakukuwa kichekesho. Bunduki ya Eugene Stoner, tunayoijua kwa jina la M16, ilitengenezwa kwa baruti ya vijiti vidogo. Jeshi la Marekani likahamia kwenye baruti ya chembe za mviringo, iliyoongeza kasi ya mitambo na kuacha uchafu mwingi zaidi. Chemba haikuwa imepakwa kromu. Vifaa vya kusafishia vilikuwa haba, na askari walikuwa wameambiwa silaha hii karibu haihitaji kusafishwa. Vietnam ikajibu. Maganda yalikwama chembani katikati ya mapambano, vijana wakafa, na barua zao zikawafikia wabunge. Mwaka 1967 kamati ndogo ya Bunge iliyoongozwa na mbunge Ichord ikawalaumu waliobadilisha baruti bila kupima vya kutosha. Baadaye chemba zikapakwa kromu. Bunduki ilikuwa imesema mapema. Sikio ndilo lililokosekana, na waliolipa hawakuwa wale waliotia saini.

Wabelgiji walikuwa na akili nyingine. Bunduki yao ya FAL ina kipete cha kupunguza au kuongeza gesi inayosukuma mitambo. Askari anaweka risasi moja tu kwenye magazini, anakifungua kipete gesi ipotee mpaka bolti ishindwe kurudi nyuma yote, halafu anakifunga kidogokidogo hadi bolti ikwamie nyuma kama inavyotakiwa magazini ikiisha, na anaongeza tiki mbili za akiba. Yaani silaha ya vita ambayo kitabu chake kinamwamuru mtu aanze kwa kuikwamisha.

Mwenye .22 hana kipete. Ana kabati. Ndani yake kuna maboksi yaliyofunguliwa yakaliwa robo, kila moja limeandikwa kwa kalamu ileile ya magazini: “hapana”, “hapana”, “labda”. Haya huishia kwa jirani mwenye bunduki ya kukoki kwa mkono, ambayo inakula ya kimya, ya kasi na ya bei poa bila kuuliza. Jirani anashukuru sana, na kila mwezi anauliza kama umejaribu aina nyingine.