Kesi ya Modemu Barzani

Intaneti ikizorota Lubumbashi, wa kwanza kulaumiwa huwa bahari. Usicheke. Bahari iliyo karibu nasi iko zaidi ya kilomita elfu moja, na wengi wetu hapa Bel-Air tumeiona kwenye televisheni tu, lakini jirani yangu, mzee mstaafu wa reli, ana ushahidi. Tarehe 6 Agosti 2023 udongo uliporomoka chini ya maji, katika korongo la mto Kongo, pale mto unapoingia Atlantiki, ukakata nyaya mbili, WACS na SAT-3. Mei 2024 zikakatika EASSy na SEACOM, upande ule wa Bahari ya Hindi. "Unaona, mwanangu?" huniambia tukiwa barzani. "Bahari zote mbili hazitutaki." Tangu hapo, hata picha ya mjukuu wake ikichelewa kufunguka, mzee huuliza kama kuna habari kutoka Moanda, kule pwani.

Mimi nilikuwa na mzigo wa gigabaiti nne wa kupakua: programu mpya ya kompyuta, isiyokubali kusubiri, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa imegoma kufungua kazi zangu. Skrini ikaandika: saa tisa zimebaki. Nikaenda kula bukari na sombe. Niliporudi, siku mbili. Kisha dakika nne, moyo ukaruka. Kisha saa kumi na moja. Ile namba ya muda uliobaki ina roho ya fundi cherehani: njoo kesho, njoo jioni, imebaki vifungo tu.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, aliyekuja kutoka Likasi kupumzika wikendi moja na ambaye wikendi yake ilikuwa bado inaendelea, alisema tumeibiwa. Tuliuziwa mega ishirini, na kompyuta, hata siku ya baraka, haipiti mbili na nusu. Hapo hakuna wizi, kuna hesabu ya kugawa kwa nane. Muuzaji huhesabu kwa biti, kompyuta huhesabu kwa baiti, na baiti moja ni biti nane. Lakini hata kwa mbili na nusu kila sekunde, gigabaiti nne zingeshuka kwa nusu saa hivi. Saa tisa zilitoka wapi?

Tukamwita kijana mmoja anayejua mambo haya. Kitu cha kwanza alichouliza ni modemu iko wapi. Iko kabatini, papa, mahali pa heshima: nyuma ya sufuria za wageni, imevikwa kitambaa cha kufuma, kwa kuwa mke wangu aliambiwa bei yake. Kijana akaitoa taratibu kama anayemvua bibi harusi shela, akaeleza kwamba mawimbi ya waifai hayapendi chuma wala kuta nene za matofali. Akachungulia hewa kwa simu yake: nusu ya mtaa ilikuwa imejazana kwenye chaneli ya sita. Akatuhamishia ya kumi na moja, akalipwa, akaenda. Waifai ikapata afya kidogo. Mzigo wangu, hata nilipochomeka waya moja kwa moja, uliendelea kutambaa. Basi waifai ilikuwa mshiriki tu, mhalifu mkuu alikuwa bado huru.

Kulikuwa na jambo moja la ajabu ambalo wote tulilijua na hakuna aliyelitilia maanani. Delestaji, yaani mgao wa umeme, ikianza, intaneti yetu ilikuwa inaruka. Modemu na kompyuta vinakula betri, taa zote za mtaa zimezimika, watu wanalaani gizani, na mimi napakua nikitabasamu. Tulikuwa na maelezo mazuri: modemu za majirani zimelala, mnara umepata nafasi. Maelezo yenyewe si ya kipumbavu, mnara ni wa wote.

Kisha dijonkta, swichi kuu ya umeme ya lupango letu, ikadondoka jioni, peke yake. Kwa majirani taa zinawaka, muziki unapigwa, televisheni zao zinameza intaneti kama kawaida. Na kwetu, gizani, ule mzigo ukaanza kushuka kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona. Nikakaa nikifikiri. Bahari haijui dijonkta yangu. Mhalifu yumo ndani ya nyumba, na anakula umeme.

Friza ilishukiwa, ikachunguzwa, ikaachiwa. Televisheni nayo. Kwenye korido, chini ya picha ya ubatizo, ilikuwapo simu ya shemeji, imechomekwa mchana na usiku. Umeme uliporudi nikaitazama skrini yake: inapandisha video za harusi mawinguni, mamia yake, na imepangwa ifanye hivyo pale tu inapochajiwa.

Mtu atasema: yeye anapandisha, wewe unashusha, mnagombania nini? Tunagombania jibu. Kila kipande kinachofika kwangu lazima kijibiwe kwamba kimepokewa, la sivyo anayekituma huko mbali hupunguza mwendo, akidhani njia imeziba. Majibu hayo hutoka kwa njia ya kupandishia, ambayo kwenye laini kama yetu ni nyembamba kuliko ya kushushia, na njia hiyo ilikuwa imejaa mashangazi wakicheza.

Sasa, kaka mkubwa wa mkeo humwambii achomoe simu. Katika ukoo wetu mtu ameshatozwa mbuzi kwa dogo kuliko hilo. Nilimpelekea mzee wa reli jambo hili, naye akalizungumza barzani kwa kuzunguka sana, akianzia enzi za treni za makaa, mpaka akafika kwenye swali: je, shemeji, harusi imeshapanda? Shemeji akatazama simu yake kwa fahari. Asilimia sitini.

Nikaingia kwenye modemu usiku nikaipa simu yake kikomo cha kupandisha, kidogo tu, bila kelele. Hajagundua. Ila juzi ametangaza kwamba binti yake anaolewa Kolwezi kiangazi kijacho, na kwamba kwa shughuli hiyo amejinunulia simu nyingine, yenye kamera tatu.