Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mbunge Wetu

Mheshimiwa sana, mlezi wetu na mtetezi wetu,

Kwa unyenyekevu mkubwa nakusalimu, pamoja na wenzangu wote tunaofagia barabara za Nairobi. Twatumai u buheri wa afya, wewe, jamaa zako, walinzi wako na madereva wako.

Nashukuru, Mheshimiwa, kwamba gari lako halijanigonga. Kila alfajiri hunipita nimeinama na fagio ukingoni mwa lami, vioo vyeusi vimefungwa, na vumbi langu halijakusumbua. Nakushukuru pia kwa mwanakandarasi aliyetuajiri. Mshahara wake unapochelewa twajifunza subira, na kwa kukosa glavu viganja vyetu vimeota sugu hata vigae vya chupa vinapata taabu kutuchana.

Niruhusu nikukumbushe Mei 2013. Mwanaharakati Boniface Mwangi na wenzake walipeleka nguruwe na damu kwenye lango la Bunge, kuwapinga waheshimiwa waliotaka shilingi 851,000 kwa mwezi. Nguruwe wakailamba ile damu, dunia nzima ikawaona. Baadhi ya walioandamana walikamatwa, na miongoni mwa mashtaka yao ulikuwemo ukatili kwa wanyama. Sina kinyongo, nguruwe naye huumia. Ila damu haijiondoi yenyewe kwenye lami, Mheshimiwa, na aliyeisugua sijamwona katika picha yoyote.

Lakini huko New York, kati ya 1979 na 1980, msanii Mierle Laderman Ukeles aliwazungukia wafanyakazi wa taka zaidi ya 8,500, akampa kila mmoja mkono na kumshukuru. Hiyo ndiyo sanaa yake. Mimi sithubutu kukuomba mkono, maana najua wako una shughuli nyingi. Najua pia kwamba barua hii huenda ikatupwa kabla hujaiona, kisha niifagie mwenyewe.

Ikikufikia, basi, ombi langu ni moja. Kwa hisani yako, peleka hoja Bungeni nisajiliwe kuwa nguruwe. Sitadai nyongeza. Nitaridhika na ile sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama: anayeninyima chakula ashtakiwe, anayenitumikisha nikiwa mgonjwa aulizwe, na nikilala barabarani nimeumia, mtu asimame atazame.

Wenzangu nao wako tayari kuandikishwa. Tuelekeze tu tupange foleni kwenye dirisha lipi, na tuje na vitambulisho au tuviache nyumbani.

Wako mtiifu,
Mfagiaji wa barabara yako