Muulize Bi Risiti

*Shikamoo Bi Risiti. Nilimkopesha shemeji yangu, kaka wa mke wangu, shilingi 85,000 afungue duka la simu. Duka sijaliona, ila kila wikendi namwona kwenye status yuko Diani, miguu majini. Polisi wanasema hayawahusu. Nitamfungaje? – Mdai Asiyelala, Kisauni*

Marahaba, mwanangu. Polisi wamekwambia kweli. Deni la kukopeshana ni madai, si jinai, labda uthibitishe kwamba alikulaghai tangu siku ya kwanza. Uzito wa kulipa peke yake si ulaghai. Mlango wako ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 kusikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Si lazima uwe na wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu ifunguliwe. (Nimesema sheria inataka. Mafaili nayo yana matakwa yake.)

Hujasema kama mliandikiana. Je, pesa ulituma kwa M-Pesa au ulimpelekea kwenye bahasha? Kama ni M-Pesa, chukua taarifa ya miamala. Kisha rudi WhatsApp usake ule ujumbe wa "nivumilie hadi mwisho wa mwezi." Uhifadhi huo, hata kama unakupandisha presha: mtu haombi avumiliwe kwa zawadi. Halafu mwandikie barua ya madai, utaje kiasi, tarehe uliyompa na siku unazompa alipe. Mpelekee ukiwa na shahidi. Asiwe mkeo, yule atalia.

Sasa hilo la kumfunga. Kifungo cha madai kipo, hadi miezi sita, lakini ni baada ya hukumu, na baada ya shemeji kupewa nafasi ya kueleza kwa nini asifungwe. Tena posho ya kumlisha huko ndani unailipa wewe mdai, na akitoka deni bado liko palepale. Yaani utakuwa umemkopesha mara ya pili, safari hii ugali na maharagwe. Kama ameajiriwa, bora uombe mshahara wake ukatwe. Theluthi mbili haziguswi. Wewe subiri theluthi yako kila mwezi na umwache apige picha.

*Bi, kesi siziwezi. Jumamosi naenda kwa mdeni wangu na vijana wawili tubebe televisheni. – Fundi, Changamwe*

Usiende. Ukienda, Jumatatu utakuwa mshtakiwa, naye atakuwa shahidi, amevaa suti. Anayeruhusiwa kubeba ni dalali wa mahakama mwenye hati mkononi, na hata yeye haondoki na kitanda, nguo za kuvaa wala sufuria za kupikia.

*Mwenzangu wa chama nilimkopesha 40,000, akaahidi kurudisha baada ya wiki. Ni miaka mitano na nusu sasa. Naona haya kumdai. – Mpole, Likoni*

Haya zako zimebakiwa na miezi sita, dada. Miaka sita ikipita tangu siku aliyopaswa kulipa, mahakama haitakusikiliza. Mwombe aandike na kutia sahihi kwamba anadaiwa, au alipe japo 500, kisha miaka sita ihesabiwe upya. Ujumbe wake useme wazi ni sehemu ya deni. Akiandika "mchango wa harusi", umeolewa.

*Bi Risiti, mimi ndiye ninayedaiwa. Nimeletewa karatasi za mahakama. Nikizima simu, si yataisha? – Msafiri*

Yataendelea bila wewe. Usipojibu, hukumu inaweza kutolewa hupo, na gharama za kesi zikapandishwa juu ya deni. Jibu, kisha nenda ukaseme unaweza kulipa ngapi kwa mwezi. Kulipa kwa awamu huruhusiwa. Beba hati ya mshahara na risiti za kodi ya nyumba. Na usiende na wakili wa bei ghali amweleze hakimu kwamba huna pesa.