Waraka kwa Ami, Kutoka Mnadani Nebraska

Kwa Ami yangu mpenzi, na jamaa wote wa baraza ya alasiri hapo Majengo, Pumwani.

Waraka wako umeniwasili, nami nimeusoma kwa taadhima hadi nilipofika penye swali lako, nikalazimika kuketi. Waniuliza, kwa kuwa wewe wafungua marobota ya mitumba Gikomba tangu mimi sijaota meno, na katika mifuko ya makoti umekwisha kuokota leso, miwani, na barua za watu wasiojuana nawe, kama ni kweli wasemavyo watu kwamba wenye nguo hizo wamekufa. Na kama ni kweli, waniuliza vitu vyao vingine huenda wapi, maana haielekei mtu afe akaacha makoti matupu. Swali hili ni la mfanyabiashara na la mcha Mungu kwa pamoja, nami nitalijibu kwa kituo, kwani katika mji huu mdogo wa wakulima ninamokaa, katikati ya jimbo la Nebraska, jibu lake huchapishwa gazetini kila juma.

Gazeti lenyewe hutoka mara moja kwa juma, na mgeni aliyezoea magazeti ya Nairobi hulifungua akatafuta ugomvi wa wanasiasa asiuone, kwa kuwa watu wa hapa hulinunua kwa ajili ya kurasa za nyuma, ambazo ndizo zenye habari za jirani. Humo hutangazwa nyasi kavu, mitamba wenye mimba, mitambo ya kuvunia mahindi, na paka wa bure. Hawa paka wa bure, Ami, nimewatafakari sana. Tangazo husema kwamba paka watatu wanatolewa pasipo malipo kwa nyumba njema, na sharti hilo la wema halikuwekwa kwa mapambo: mwenzangu wa kazini, Mkongomani wa Bukavu, alikwenda kuomba mmoja kwa ajili ya panya, akahojiwa kuhusu malazi ya paka, chakula cha paka na tabibu wa paka, kwa upole na urefu ambao yeye mwenyewe, alipokuwa akiomba ukimbizi, asema hakuupata. Kwetu Majengo paka hatolewi wala haombwi. Huhamia, na mwenye nyumba akajulishwa baadaye.

Ukurasa huo huo huwa na matangazo ya shukrani. Mtu aliyetoka hospitali hulipa fedha yake ili awashukuru hadharani majirani waliomlishia ng'ombe na waliomletea vyakula, wala hatosheki kusema kwamba alikuwa hajiwezi, bali hutaja kiungo kilichokatwa na upande kilikokatwa. Yuko mzee mmoja ambaye nyongo yake naijua kuliko ninavyomjua mwenyewe.

Kisha huja matangazo ya mirathi. Mtu akifa, sheria ya Nebraska humtaka msimamizi wa mali yake atangaze gazetini mara moja kwa juma, kwa majuma matatu mfululizo, kwamba mwenye kumdai marehemu na alete dai lake, na wadai hupewa miezi miwili tangu tangazo la kwanza. Utakumbuka, Ami, kwamba kwetu jambo hili hukamilika baina ya jeneza kuswaliwa na jeneza kuinuliwa: ndugu wa marehemu husimama, akasema anayemdai ndugu yetu na aje kwangu, na wale ambao marehemu ndiye aliyekuwa akiwadai huinamia viatu vyao. Hata serikali yetu, ambayo haijapata kusifiwa kwa haraka, huridhika na siku 30 za Kenya Gazette.

Madeni yakiisha kutengenezwa, hutoka tangazo la mnada, nalo ndilo fasihi ya nchi hii. Huanza kwa kishindo, kwa trekta la John Deere 4020, ambalo liliacha kuundwa mwaka 1972 lakini wazee wa hapa hulisimamia kofia mkononi. Likashuka hadi majembe ya kukokotwa, mizani ya nafaka, vitanda vya chuma, mablanketi ya viraka yaliyoshonwa kwa mkono, chupa za kuhifadhia matunda, nyavu za kuvulia samaki katika nchi isiyo na bahari, na kopo la vifungo. Na baada ya kutaja kila alichokuwa nacho marehemu, pamoja na bafu alilokuwa akiogea, likahitimisha kwa kusema kwamba viko na vingine vingi visivyoweza kutajwa. Mimi hulala nikivifikiria hivyo visivyoweza kutajwa. Chini kabisa huwekwa masharti: malipo ni siku ile ile, kitu hakiondoki uwanjani kabla ya kulipiwa, mwenye mali hana dhamana ya ajali, na chakula cha mchana kitauzwa na akina mama wa kanisa.

Na si lazima mtu afe, Ami, ndipo vitu vyake vinadiwe. Aghalabu ni mkulima mzee aliyechoka, ambaye wanawe wamekwenda Omaha kufanya kazi za kukaa, naye anahamia nyumba ndogo mjini. Basi siku ya mnada huwekewa kiti uani, akatazama miaka yake 50 ikipandishwa mikokoteni ya watu wengine, huku akisalimiana nao na kumwonya huyu kwamba pampu ile huvuja na yule kwamba breki hazishiki. Sijapata kumwona muuzaji wa Gikomba akimwonya mnunuzi. Niwie radhi.

Mnada huwa Jumamosi, na wilaya nzima hufika, wenye haja na wasio na haja. Kila mtu huandikishwa kwa karani akapewa kadi yenye namba, na tangu hapo jina lake halina kazi. Vitu vikubwa hupangwa kondeni safu kwa safu. Vidogo hurundikwa masandukuni juu ya magari ya kubebea nyasi, na kila sanduku hunadiwa pamoja na vyote vilivyomo, hata ikiwa wewe wataka bisibisi moja iliyolala chini ya vishikio 40 vya pazia. Mnadi huitwa Kanali, ingawa bunduki aliyopata kuishika ni ya kuwindia bata, na wenyeji husimulia kwamba cheo hicho kilirithiwa kutoka kwa makanali wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, vya 1861 hadi 1865, waliokuwa wakinadi ngawira za majeshi. Kazi yenyewe husomewa. Jimbo la Missouri lina chuo cha minada cha tangu mwaka 1905, na huko Indiana kuna kingine, Reppert, kilichofunguliwa mwaka 1921, katika miaka ile ile ambayo wazee wetu walikuwa wakipimiwa viwanja vya Pumwani. Na mwanafunzi hufundishwa kuhesabu kwenda mbele na kurudi nyuma, na kutamka vitanza ndimi mpaka ulimi ulegee. Matokeo yake ni kwamba Kanali husema kama mwalimu anayeikimbiza hitima huku harufu ya pilau imekwisha kumfika puani: humfahamu neno ila mwanzo na mwisho, na hapo katikati mali imekwisha kuhama mikono miwili.

Rafiki yangu Msomali wa Garissa, ambaye hufanya kazi katika kiwanda cha nyama na ambaye babaye alikuwa dalali wa ngamia, hawezi kuistahimili tamasha hii. Kwao, kama ujuavyo, muuzaji na mnunuzi hushikana mikono chini ya shuka, wakasemezana kwa vidole, na halaiki iliyowazunguka isijue hata bei ya ngamia mmoja. Siku ya kwanza nilipompeleka mnadani, alisimama kimya muda mrefu, kisha akaniuliza kwa huzuni kama watu hawa hawana aibu, kuitangaza bei ya ng'ombe wa mtu mbele ya wake na watoto. Mkongomani wetu yeye hakuwa na aibu, alikuwa na furaha. Alishinda viti sita kwa dola 12, akaenda nayo furaha yake hadi kwa karani, ambako alielezwa kwamba kiti hunadiwa kimoja, kisha bei ikazidishwa kwa idadi, hivyo adaiwa dola 72. Tangu siku hiyo huvikalia kwa zamu, ili kila kimoja kifanyie kazi fedha yake.

Kuhusu chakula usitie wasiwasi. Nilipowaendea akina mama wa kanisa kuwauliza, kwa maneno niliyoyatunga usiku kucha ili yasiwe na taathira mbaya, kama unga wa sambusa zao kubwa za matunda umekandwa kwa mafuta ya nguruwe, bibi mmoja alinijibu kwamba naam, na kwamba ndiyo sababu ni laini. Nikamshukuru nikala tofaa. Mnada uliofuata nilikuta sahani imefunikwa, imewekewa karatasi yenye jina langu, wameliandika kwa hijai isiyopata kuonekana katika lugha yoyote, na ndani mna ya siagi. Laini haikuwa, lakini niliimaliza mbele yao, chembe kwa chembe.

Sasa linganisha na kwetu. Hapo Nairobi madalali wakitajwa mtu hupatwa na fadhaa hata ikiwa hadaiwi. Sheria yetu ya mwaka 1996 imewataka wawe na leseni ya bodi, na kanuni zake zimewataka waorodheshe vitu, wampe mwenyewe siku 7 za kuvikomboa, na ikiwa ni ardhi au nyumba siku zisizopungua 45. Lakini sisi tuliokulia katika nyumba zile za vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, na ukumbi katikati, twajua siku hizo 7 zilivyotumika. Runinga iliyoorodheshwa chumba cha pili ililala usiku wa kwanza chumba cha tano, usiku wa pili ikavuka mtaro, na dalali aliporudi na vijana wake alikuta jiko la makaa, mkeka, na mabibi wazee watatu waliokuwa hawajapata kusikia habari ya runinga tangu kuumbwa kwao. Majina siyataji, wengine wao watakuwa wakikusomea waraka huu.

Nami nilidhani ujanja huo ni wa Majengo peke yake, mpaka Kanali mwenyewe aliponisimulia habari za babu zao. Ilipokuja dhiki kuu baada ya mwaka 1929, bei ya mahindi ikaanguka hata baadhi ya watu wakayachoma jikoni badala ya makaa, na mabenki yakaanza kunadi mashamba na mifugo iliyowekwa rehani. Mwaka 1931, katika wilaya ya Madison, humu humu Nebraska, benki ilipeleka mnada kwenye shamba moja. Majirani wakafika kwa wingi, wakasimama kwa adabu, na kitu cha kwanza kilipotajwa mmoja wao akatoa senti tano. Mgeni aliyetaka kupandisha aliombwa asipandishe, na walioomba walikuwa na mabega mapana. Ikawa hivyo kitu baada ya kitu, hadi mali yote ikaisha kwa dola 5 na senti 35, na kila kitu kikarudishwa kwa mwenyewe. Habari ikaenea, na minada ya namna hiyo ikazuka majimbo mengi. Mahali pengine, wasema, kamba yenye kitanzi ilining'inizwa mlangoni mwa ghala ili mgeni asihitaji kuelezwa. Mwaka 1933 maelfu ya wakulima waliandamana hadi Lincoln, makao makuu ya jimbo, na baraza la kutunga sheria likapitisha sheria ya kusimamisha kwa muda unadishaji wa mashamba.

Na halaiki iyo hiyo iliyojua kuishusha bei hujua pia kuipandisha. Nimeshuhudia mnada wa kumchangia mtoto mgonjwa, ambamo sambusa moja ya matofaa ilinunuliwa kwa mamia ya dola, mnunuzi akairudisha inadiwe tena, na wa pili akafanya vivyo hivyo, hata ikapoa na kuvunjika ukingo ilhali thamani yake inazidi kupanda. Hiyo ni harambee, Ami, isipokuwa hapakuwa na mheshimiwa wa kungojewa hadi saa tisa.

Basi jibu la swali lako ni hili. Baadhi ya wenye makoti wamekufa, lakini wengi wamenenepa tu. Nguo hufika mnadani zikiwa ndani ya masanduku, Kanali akazianza kwa dola tano, akashuka hadi mbili, akashuka hadi moja, akaomba mtu yeyote azichukue pamoja na taa iliyovunjika. Wasipozitaka hata hivyo, hutiwa mifukoni zikapelekwa duka la sadaka, na duka likishindwa kuziuza huziuza kwa uzani kwa wenye kuchambua, nao wakazifunga marobota ya kilo 45 zikapanda meli. Kwa hiyo bidhaa yako, nasema kwa heshima, ni ile iliyokataliwa na umma mzima wa Nebraska kwa dola moja pamoja na taa. Nawe huitoa kamera humo, yaani nguo iliyo bora, ukamuuzia binti wa afisini kwa shilingi elfu moja, na fagia, yaani masalio, ukaimaliza kabla ya adhuhuri! Nilimsimulia Kanali, akavua kofia.

Limebaki jambo moja la biashara. Cherehani za Singer za kukanyaga, zile ambazo mafundi wa Majengo huusiana kama mashamba, hapa hununuliwa kwa ajili ya miguu peke yake: watu huing'oa mashine yenyewe wakaitupa pembeni, kisha wakaweka ubao juu ya ile miguu ya chuma na kuiita meza ya maua. Mimi nasimama pembeni hapo. Hivi niandikapo ninazo mashine saba, nzima, zenye mafuta, hazina mguu hata mmoja, na mwenye nyumba wangu ameanza kuniangalia. Tafadhali mpeleke kijana Kamukunji kwa wafua vyuma, aulize miguu ya chuma pamoja na kanyagio itagharimu kiasi gani kwa jozi, naye asiwaambie ni saba mpaka wamekwisha kutaja bei ya moja.

Nisalimie Shangazi na wote wa nyumba.

Wa salaam,
Mwanao wa Nebraska