Muulize Keateka: Moshi Ndani ya Ploti

*Keateka, nina ploti ya vyumba kumi nyuma ya soko la Ahero. Kila mlango nimebandika karatasi: SIGARA MARUFUKU. Mpangaji wa namba 4 anavuta kila jioni. Nikimuuliza, anasema hiyo ni dawa ya mbu, kwa sababu mimi ndiye niliyejenga kando ya mashamba ya mpunga. Kodi ni 2,400 na hulipa tarehe moja. Fundi anakuja Jumamosi kung'oa mlango wake. Nimlipe ngapi? — Mwenye Ploti*

Mzee, fundi mpe nauli arudi kwao. Nyumba ya kuishi ambayo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi inalindwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296. Kumsumbua mpangaji makusudi ili ahame ni kosa, na kung'oa mlango ni usumbufu ambao hata hakimu anayesinzia atauona. Wala usijidanganye kwamba ukipandisha hadi 2,600 umeiruka sheria. Hata mpangaji wa nyumba ya 20,000 hatupwi nje bila amri ya mahakama.

Sasa hiyo karatasi. Uliibandika kabla ya kupokea pesa zake au baada? Naijua mikataba ya Ahero: mtu anaonyeshwa chumba, anauliza maji hutoka siku gani, anatuma M-Pesa, anapewa ufunguo. Sigara haikutajwa hata kidogo. Basi ulichobandika mlangoni ni maoni yako. Andika mkataba, katazo liwemo, nyote mtie sahihi. Akilivunja, mwandikie barua na ubaki na nakala. Waombe namba 3 na namba 5 waandike kama moshi unawafikia; utawafikia tu, maana kuta zako hazifiki kwenye mabati. Kuvunja mkataba na kuwakera majirani ni sababu zinazosikilizwa kwenye jopo la kodi. Hasira zako hazimo.

Kuhusu mbu, omera, jamaa ana nusu ya hoja. Mpunga umelimwa hapa kwa maji ya Nyando tangu skimu ianze mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa hiyo mbu ni wenyeji kuliko wewe. Lakini wale wa malaria huuma zaidi usiku, mvutaji akiwa anakoroma na sigara imezimika zamani. Weka wavu madirishani uone atatafuta dawa ya nini.

Hasara yako halisi iko kwenye rangi. Lami ya sigara hupenya: ukipaka nyeupe juu yake, manjano hurudi. Osha ukuta kwa sabuni na maji ya moto, paka rangi ya kuzuia madoa, ndipo upake ya mwisho, na gharama uikate kwenye dipoziti ukiwa na risiti na picha ulizopiga kabla hajaingia. Ila ule mstari wa kahawia ulio nusu mita kutoka sakafuni usiusingizie sigara. Huo ni Mto Nyando. Uliingia bila kutia sahihi popote.

Halafu umesema hulipa tarehe moja. Hao tisa wasiovuta, hulipa lini? Nimeziangalia ploti nyingi, na nimeona pua ya mwenye nyumba huanza kunusa moshi vizuri zaidi kodi ikichelewa. Wewe ni wa kwanza kunilalamikia mlipaji, kwa hiyo nakuheshimu.

*Keateka, dani yangu amekuja kutoka Nyakach kutibiwa macho. Huvuta sigara moto ukiwa ndani ya mdomo. Keateka wetu anadai faini ya 1,000. Nilipe? — Mjukuu*

Msalimie dani. Wa Nairobi watadhani unatunga, lakini waliolelewa na bibi huku wananielewa: anapika, anasonga ugali, anakugombeza, na moto uko ndani muda wote.

Mwenzangu hana mamlaka ya kutoza faini. Mwambie utalipa akikuandikia risiti, uone faini inavyogeuka onyo. Faini ya kweli iko kwenye Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007: kuvuta mahali pa umma, kama ofisini, hotelini au ndani ya matatu, kunaweza kukugharimu hadi shilingi 50,000 au kifungo cha hadi miezi 6. Kwa hiyo mkipanda matatu ya Kisumu kwenda kwa daktari, mkague mdomo kabla kondakta hajamkagua.

Chumbani, mkataba wako ukikataza sigara, haujali moto uko upande gani. Mwekee kiti nje chini ya mwembe. Hicho chumba chako hakipendi hata hivyo. Na mkishamaliza macho, omba daktari amtazame kinywa pia, hasa juu kwenye kaakaa. Uvutaji wa namna hiyo umehusishwa na saratani ya hapo. Kumwambia ni kazi yako. Mimi namwogopa.

*Keateka mwenzangu, mwenye ploti akija kuchukua kodi huvuta kwenye korido, chini ya karatasi yake mwenyewe, na kitako nakiokota mimi. Wapangaji wananicheka. Nimwambieje? — Wa Boya*

Mwambie taratibu, tarehe sita, kodi ikiwa imeingia na mshahara wako umeshatumwa.