Nimepanda Ndege Kwenda Kula Chenga

Jirani, sogea hapo kwenye benchi nikwambie. Mtaani wanasema tangu nirudi Vietnam nina maringo, sisalimii watu. Maringo nayatoa wapi mimi? Nina njaa. Njaa ya kule mpaka leo haijaisha.

Nilikwenda na Alhaji. Alhaji unamjua, yule wa korosho, mwenye Fuso zinazoziba njia hapa kwa Mangi kila Ijumaa. Kazi yangu kwenye msafara ilikuwa kubeba sampuli. Basi. Mfuko wa korosho ghafi za Newala begani, Dar mpaka Doha, Doha mpaka Ho Chi Minh City, mji ambao wenyeji wengi bado wanauita Saigon. Korosho zetu nyingi ndiko zinakoishia, huko na India, zimevaa maganda yake. Wavietinamu wanabangua, wanapaki, wanaiuzia dunia. Kwa kuuza nje korosho zilizobanguliwa hakuna nchi inayowafikia. Sisi tunabaki na mnada, na makelele ya mnada.

Sasa mnunuzi wetu, mama mmoja mtaratibu, suti safi, akasema jioni anatutoa. Anatupeleka kula chakula cha Kivietinamu cha kisasa. Mimi kusikia hivyo nikaacha kula mchana. Usinicheke. Wewe ukiambiwa unatolewa utakula mchana? Nikapita kwenye vibanda vya barabarani, watu wamekaa kwenye vile vistuli vya plastiki, magoti yamefika kidevuni, wanapiga phở, ile supu yao ya tambi na nyama. Mvuke unapanda. Harufu ya mdalasini na karafuu ikanifuata mpaka kona. Nikajisemea hiki ni cha wenye shida. Mimi nina mwaliko.

Mgahawa upo ghorofani, iliyokuwa Wilaya ya Kwanza, pale kwenye majengo ya vioo. Na ni giza. Jirani, ukitaka kujua mahali pana bei mbaya angalia taa. Mama ntilie wa pale Tandika ana balbu unaona mpaka unyoya wa inzi. Hawa wamewasha mshumaa. Nikapapasa kiti, nikamshika mtu bega. Mzungu. Akaniambia samahani yeye.

Menyu ikaja, karatasi moja tu, haina kuchagua. Unakula unachopangiwa. Nililelewa hivyo kwa shangazi, lakini kwa shangazi ilikuwa bure. Hapa chini wameandika dong milioni mbili na nusu kwa kichwa, halafu alama mbili za kujumlisha. Nikadhani urembo. Kumbe moja ni ya huduma na nyingine ya VAT. Ukitaka shilingi, kata sifuri moja, hukosei sana. Yaani laki mbili na nusu. Hiyo ni kodi ya chumba changu miezi mitatu, na mwenye nyumba anaidai sasa hivi, usimwambie nimekaa hapa.

Mama wa watu akawa anatupigisha stori wakati tunasubiri. Anasema zamani mwenye hela Saigon akitaka kujionyesha anakula Kifaransa. Cha kwao anakila barabarani. Halafu mwaka 2017 akatokea jamaa mmoja, Peter Cuong Franklin, mzaliwa wa Da Lat. Aliondoka nchini akiwa mtoto mwaka 1975, vita vilipoisha, akakulia Marekani, akafanya kazi za benki, akaziacha, akasomea kupika. Akafungua mgahawa unaitwa Anan katikati ya soko la zamani, mtaa wa Tôn Thất Đạm, huku samaki na mboga zinauzwa mlangoni. Akaanza kuuza bánh mì ya dola 100. Bánh mì ni mkate, jirani. Ule mrefu walioachiwa na Mfaransa, wanaupasua wanaujaza nyama, pilipili na majani. Kona yoyote unaupata kwa dong elfu 20 au 30. Yeye akatia ini la bata na uyoga wa bei ya kiwanja. Mwaka 2023 Michelin walipoingia Vietnam mara ya kwanza, mgahawa wake ndio pekee katika jiji lile uliopewa nyota.

Nikauliza, huyu alikuwa mtu wa benki? Ndiyo. Nikasema nilijua. Mkate wa dola 100 haubuniwi na mpishi. Huo ni mkopo.

Halafu nikauliza Michelin ipi, ya matairi? Ndiyo hiyohiyo. Wafaransa wale walianza mwaka 1900 kugawa kijitabu kwa wenye magari, ili watembee sana, matairi yaishe. Alhaji alikuwa anasinzia. Kusikia matairi akaamka, akauliza bei ya pea ya Fuso.

Chakula kikaanza. Likaja bakuli kubwa limejaa mdalasini, karafuu na yale matunda makavu yenye umbo la nyota wanayotia kwenye phở. Juu kabisa kimekaa kibiskuti cha mchele, kimoja. Binti mhudumu akasimama kutoa hotuba. Bibi yake mpishi alikuwa anababua tangawizi na vitunguu kwenye moto, kisha anatumbukiza kwenye supu ya mifupa ichemke usiku kucha. Baadaye nikagundua kila sahani pale ina bibi. Bibi zangu mimi wote wawili wamepika mpaka wanaingia kaburini, hakuna hata mmoja aliyewahi kutajwa mezani.

Hotuba ikaisha. Kibiskuti nikakitia mdomoni, kikayeyuka kabla hatujafahamiana. Nikaingia kwenye mdalasini. Mgumu, lakini mtu mwenye njaa ana meno. Natafuna, naona meza imenyamaza. Binti akainama akaniambia kwa upole mkubwa, ule upole unaouma, kwamba hayo mengine ni mapambo.

Mapambo! Karafuu, jirani! Pemba watu wanapanda juu ya mti wanahatarisha shingo kwa ajili ya karafuu, wao wanaziweka mezani ziangaliwe. Kwetu kilichowekwa mbele yako kwenye bakuli ni chakula. Alhaji akanikanyaga chini ya meza. Ana kiatu kizito yule mzee.

Ikaja sahani nyingine, kipande cha samaki saizi ya stempu, pembeni wamepiga mstari wa sosi kwa brashi. Hotuba. Hii ni nước mắm ya kisiwa cha Phú Quốc. Samaki wadogo na chumvi, wanakaa kwenye mapipa makubwa ya mbao mwaka mzima mpaka watoe maji yao. Nikaomba kuona hao samaki wadogo. Binti akatoa simu, akanionesha. Dagaa! Dagaa mchele wenyewe, na macho yao yaleyale. Na Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2012 umeipa hiyo sosi ulinzi wa jina, mtu wa kwingine hawezi kuiita ya Phú Quốc. Dagaa wana haki zao Ulaya. Mimi nikipanda nao daladala ya Mbagala abiria wanafungua madirisha.

Nikaletewa juisi ya miwa kwenye glasi ya mvinyo. Ile ile tuliyoiacha Kariakoo, wao wametia vindimu vidogo. Nikaletewa majani, ukoo mmoja na matembele, nayo yamepangwa kwa kibano, nimemwona mpishi kwa macho yangu anapanga jani na kibano. Daktari wa Muhimbili hakuchukua muda ule kwenye jipu langu.

Halafu binti akatangaza wali. Nikakaa sawa. Kwa sababu mengine yote hayo unavumilia ukijua wali upo nyuma unakuja. Wakanyanyua kifuniko taratibu, moshi wa majani ukatoka, watu wa meza ya pili wakapiga picha. Nikachungulia.

Chenga.

Chenga kabisa, jirani, zile ambazo Mangi anazitenga kwenye ndoo ya pembeni kwa bei ya chini. Wao wanaita cơm tấm. Hotuba ya safari hii ilikuwa ndefu. Wakulima wa bonde la Mekong walikuwa wanauza mchele mzima, wenyewe wanabaki na uliovunjika mashineni, wanapika hizo hizo. Baadaye zikaingia mjini, mji ukazipenda, leo ni chakula cha sifa cha Saigon. Kawaida juu yake kinakaa kipande cha nguruwe cha kuchoma. Mama alishapiga simu mapema kwa heshima ya Alhaji, wakaweka bata. Bata mwenyewe vipande viwili, wamelazwa wanatazamana.

Mimi na mama watoto tumegombana mwaka huu kwa ajili ya chenga. Nilimwambia sitaki kuziona tena mezani kwangu, mimi ni mtu wa korosho. Na nilishamwahidi picha. Nikapiga, nikatuma. Akajibu palepale, usiku wa huko yeye ni jioni huku. "Baba Zuhura, umepanda ndege kwenda kula chenga?" Akaweka na vile vikatuni vya kucheka vinavyotoa machozi. Kisha akaituma kwenye kundi la ukoo.

Tukamalizia na aiskrimu ya nazi. Juu yake, korosho. Mama akatabasamu, akatuonesha kwa mkono wazi, ameagiza makusudi kutuheshimu. Korosho tatu. Jirani, nimebeba gunia la korosho begani nusu ya dunia, nikapewa tatu. Alhaji akainua ya kwake kwa vidole viwili, akaisogeza kwenye mshumaa, akaigeuza. Akasema hii ni daraja la W320. Akasema tena, pole pole, hii ni ya kwetu. Akatoa simu, akaanza kupiga hesabu, kutoka bei ya mnada mpaka hapo mezani. Alipofika mwisho akafuta. Akaanza upya. Aiskrimu yake ikayeyuka yote na sikuthubutu kumwomba.

Mama alilipa. Tukashukuru sana. Alhaji akapanda chumbani bila kusema neno, mimi nikasema naenda kununua vocha. Nikashuka mpaka kwenye vistuli. Nikanyoosha kidole kwa mama wa jiko, maana lugha sina. Akanijazia sahani kuku wa kuchoma, yai, matango, mchuzi wa dagaa wao kwenye kibakuli. Dong elfu 50, kama elfu tano yetu. Na chini ya kuku ni chenga zilezile. Nikazila zote. Nikaongeza sahani. Akanitazama, akaniongezea na supu ya bure, kwenye mwanga wa balbu.

Asubuhi Alhaji akawa ananihesabia posho. Naona pungufu. Hela ya chakula cha jioni kaikata. Nikamwambia Alhaji, shikamoo, mbona hii haijatimia?

Akaniangalia juu ya miwani. "Kijana, wewe jana umekula mpaka mapambo."