Salamu Haziingii Sekunde 20

Mtihani wa AP wa Kihispania, ule wanaoufanya wanafunzi wa sekondari Marekani kila Mei kwa matumaini ya kupunguza masomo ya chuo kikuu na ada yake, ulitungwa na watu wasio na jamaa wa kusalimia. Ushahidi wangu ni sehemu ya mazungumzo. Unavaa hedifoni, sauti iliyorekodiwa inakusemesha, mlio unalia, nawe una sekunde 20 za kujibu. Hivyo mara tano. Mlio ukilia tena, ndiyo basi, hata kama neno limekukwama kooni.

Sasa mtu aliyelelewa na mama wa Kitanga, japo malezi yenyewe yamefanyikia Houston, atatoboa vipi?

Mazoezi niliyafanyia jikoni kwetu. Binti wa kwenye rekodi akaniuliza kama nitajiunga na kikundi cha kupanda miti. Sijafungua mdomo, mama, aliyekuwa akichoma maandazi, akadakia: "Msalimie kwanza mwenzio! Mtu anajibiwa mkavu hivyo?" Nikamsalimia binti wa watu. Habari zake, za mama yake, za bibi yake. Nilikuwa ndiyo kwanza naingia kwa babu, mlio ukakata. Yule binti, bila hata kushukuru, akashangilia: vizuri sana, basi tuonane Jumamosi! Mama akageuka na mwiko mkononi. "Kwani huyo hasikii?"

Darasani wengi walikuwa watoto wa familia za Kimexico. Kihispania walikinyonya, ila zile alama za mkazo juu ya irabu walizinyunyiza kama chumvi ya mpishi asiyeonja. Insha zao zilirudi zimejaa wino mwekundu. Mimi niliyekariri kila alama nilisifiwa mbele ya darasa, kisha nikifika kantini sielewi hata utani mmoja, nacheka wakicheka.

Siku ya mtihani tulikaa chumba kimoja, tukaongea wote kwa mpigo, kila mtu na kinasa chake. Jirani yangu alikuwa na sauti ya muadhini. Naamini mpaka leo yumo kwenye rekodi yangu, na kama alipewa maksi nzuri, nami nadai kodi ya pango.

Kisha likaja la kulinganisha tamaduni: dakika 4 za kujiandaa, 2 za kuhutubia, ulinganishe jamii yako na jamii inayozungumza Kihispania. Mada ilikuwa nafasi ya wazee katika familia. Wenzangu wote walikimbilia Mexico na Hispania. Mimi nikachukua Guinea ya Ikweta, iliyokuwa koloni la Hispania hadi 1968, kwa sababu watahini nao wanahitaji kushtuliwa. Tatizo halikuwa hoja. Tatizo ni kwamba hotuba ina itifaki. Nikawashukuru waandaaji, nikawatambua wazee popote walipo, nikaomba radhi kwa kuzungumza mbele ya walionizidi umri. Guinea ya Ikweta ilifika ikiwa imebakiza pumzi moja, ikasalimia ikaondoka.

Mahali pekee malezi yangu yaliponilipa ni barua pepe. Unapewa dakika 15 kumjibu mtu mwenye cheo, kwa heshima, ujibu maswali yake na umuulize zaidi. Wenzangu walimwandikia mkurugenzi kana kwamba wamecheza naye mpira jana. Mimi nilimtakia afya, nikamshukuru kwa muda wake, nikamuuliza maswali ambayo hata mkewe hajawahi kumuuliza. Ile barua ingesomwa barazani Tanga, ningeozwa siku hiyo hiyo.

Matokeo yalitoka Julai: 4 kati ya 5. Mama aliyasoma, akayarudia, akasema ile moja iliyokosekana wameikata kwa kuwa hotuba iliisha bila kuagana. Sijaona sababu ya kumbishia.